Kugawana Intaneti ya Waya Nyumbani



Miongoni mwa malalamiko yanayofika mezani petu, lipo moja lisilokoma: mtu analipia intaneti ya fiba, lakini mwanawe akifungua kompyuta yake, ya mzazi inasimama. Mlalamikaji huamini kwamba amepunjwa. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi, tunapoketi naye na kuhesabu vifaa vilivyomo nyumbani, tunakuta kwamba kasi aliyoinunua imemfikia yote mlangoni, ikapotea baina ya mlango na meza yake. Leo tungependa kuzungumzia safari hiyo fupi.

Mkataba unapotaja megabiti 20 kwa sekunde, hiyo ni kasi ya njia nzima, si ya kila kompyuta. Kompyuta 4 zikipakua mafaili makubwa kwa wakati mmoja, kila moja hubakiwa na takriban megabiti 5. Ifahamike pia kuwa megabiti si megabaiti. Biti 8 hufanya baiti 1. Kwa hiyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, na kompyuta nyingi huonyesha kipimo hiki cha pili faili linapopakuliwa. Wapo waliotuletea picha ya skrini kama ushahidi wa wizi, kumbe hesabu ilikuwa sawa. Hatuwalaumu, maana matangazo hayajitahidi kulieleza jambo hili.

Kifaa kinachogawa ni ruta. Kwa kawaida nyumba huonekana nje kwa anwani moja tu ya intaneti, nayo ruta hufanya kazi ya karani wa masijala: huzipa kompyuta za ndani anwani zao, aghalabu zinazoanza na 192.168, hupeleka nje maombi ya wote kwa anwani ile moja, kisha majibu yakirudi humpa kila mmoja la kwake. Anayenunua ruta ya pili dukani ili kufikia chumba cha mbali aizime kazi yake ya kugawa anwani. La sivyo, masijala inakuwa na makarani wawili wasiosikilizana, na kompyuta hukatika bila sababu inayoonekana.

Kompyuta isiyohamishwa iunganishwe kwa waya. Waya wa mtandao hufika hadi meta 100. Kwa waifai, mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole, na majirani wote wanayagombea. Ya gigahezi 5 yana kasi ila hudhoofika mbele ya ukuta wa matofali ya saruji. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Tumeikuta kabatini, nyuma ya televisheni, hata juu ya jokofu.

Lililo zito zaidi ni kugawana nje ya ukuta. Katika nyumba za kupanga, wapangaji huchangiana bili na mmoja huandikisha huduma kwa jina lake. Twaelewa kwa nini: gharama ni kubwa na ujirani una haki zake. Lakini ikumbukwe ile anwani moja. Mtu akimtukana au akimtapeli mwingine kwa kupitia njia hiyo, kumbukumbu zitaelekeza kwa aliyeandikishwa, naye ndiye atakayeulizwa kwanza chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na anayewauzia jirani huduma kama biashara hukutana na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, inayomtaka mtoa huduma kuwa na leseni. Someni mkataba, kwa sababu baadhi yake hukataza kabisa kugawa nje ya kaya. Neno la siri lililobandikwa chini ya ruta libadilishwe siku ile ile fundi anapoondoka, ulinzi uwe WPA2 au WPA3, na wageni wafunguliwe mtandao wao wa pembeni iwapo ruta inao.

Kabla ya kulalamika, fanyeni jaribio moja. Zimeni waifai, chomoeni vifaa vingine vyote, unganisheni kompyuta moja kwa waya kwenye ruta, mpime kasi asubuhi, mchana na usiku kwa siku chache, mkiandika saa na kipimo. Kasi ikiwa kamili, tatizo limo ndani ya nyumba. Ikipungua sana na kwa kurudiarudia, mpelekeeni mtoa huduma maandishi hayo na mdai namba ya lalamiko. Asipojibu, au akijibu bila kurekebisha, njooni kwetu na namba hiyo pamoja na karatasi yenu ya vipimo, tutaanzia hapo.