K. V. Subbanna na Michezo ya Kijiji cha Heggodu

Wasikilizaji wangu, aghalabu husemwa ya kuwa michezo mikubwa ya kuigiza ni mambo ya mijini, na mtu wa shamba hana budi kungoja mpaka apate nauli. Leo nitawasimulieni habari za mtu wa Bara Hindi aliyelikataa neno hili.

Jina lake ni K. V. Subbanna, aliyezaliwa mwaka 1932 karibu na mji mdogo wa Sagar, katika jimbo liitwalo sasa Karnataka, ambako watu husema Kikannada. Ni nchi ya milima na mvua nyingi, na wakulima wake hupanda mipopoo; popoo ile ile ambayo watu wa pwani yetu huitafuna pamoja na tambuu. Subbanna alisoma chuo kikuu huko Mysore, kisha akarudi kijijini Heggodu kulima mipopoo yake.

Mwaka 1949, alipokuwa kijana wa miaka 17, yeye na wenziwe walianzisha chama cha michezo, ambacho jina lake hufupishwa Ninasam. Mwaka 1972 wakawa na jumba lao la michezo, na mwaka wa pili yake wakaanza kuonyesha picha za senema zilizo bora, za nchi mbalimbali.

Labda mtauliza: mkulima aliyechoka na jembe ataona raha gani katika mchezo wa Mjerumani Brecht? Subbanna alijibu kwa kazi. Aliifasiri michezo ya Brecht kwa Kikannada, na ule wa Shakuntala wa Kalidasa, mshairi wa kale wa Kisanskrit, ili watu waisikie katika lugha ya nyumbani mwao. Alikuwa pia na kazi ya kupiga chapa vitabu, maana mchezo usioandikwa husahauliwa upesi.

Mwaka 1980 chama kilifungua chuo cha kufundisha waigizaji hapo hapo kijijini, na mwaka 1985 kundi la Tirugata, ambalo mvua kubwa zikiisha husafiri jimboni likichezea watu wa miji na vijiji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake iliyo kubwa kupita zote, kwani sasa mchezo ndio uliolipa nauli.

Alikuwa mwanachuoni vile vile. Aliandika juu ya Kavirajamarga, kitabu cha Kikannada cha karne ya 9 juu ya ushairi, nacho kinawasifu watu wa nchi ile kuwa hata wasiosoma wana ujuzi wa mashairi. Si ajabu mtu wa Heggodu kuvutwa na kitabu hicho!

Mwaka 1991 alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay ya Ufilipino. Alifariki mwaka 2005, na mwanawe, K. V. Akshara, mtunzi wa michezo kama babaye, akaendelea na kazi ya Ninasam.