KITUO CHA PILI CHA SIMU ZA UPEPO: MFANO WA NGARA NA BIHARAMULO

(Mazungumzo kwa watumishi wa simu za upepo, Unguja na Pemba)



Katika muda wa saa 24, baina ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera. Kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi. Maji, chakula, dawa na misafara ya malori, vyote vilipangwa kwa simu za upepo.

Nchi ya Ngara ni vilima na mabonde. Mawimbi ya redio za mkononi huenda moja kwa moja mithili ya mwanga. Kilima kikiyakinga, hukomea hapo. Ndiyo sababu mtambo wa kupokezana sauti huwekwa kileleni. Kwa masafa marefu, kama Ngara hadi Mwanza, hutumika redio za HF, ambazo mawimbi yake hupanda angani na kurejea chini.

Lakini mitambo haipangi mazungumzo. Kazi hiyo ni ya kituo kikuu: kuita majina, kuandika daftarini gari gani limeondoka na saa ngapi, na kuwanyamazisha wengine pale mwenye dharura anaposema. Kikizimika, redio zote zingali nzima, ila watu husema kwa pamoja na hapana anayesikika. Katika njia ya msitu wa Biharamulo, ambako mabasi yalipata kusindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, kutojua gari liko wapi kwa saa moja si jambo dogo.

Wengi hudhani kituo cha akiba ni redio ya pili juu ya meza ileile. Sivyo. Redio mbili zenye jenereta moja na mlingoti mmoja huzimika pamoja. Wananchi wa Unguja, waliokaa bila ya umeme wa waya wa baharini tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kituo cha pili kiwe katika jengo jengine, na betri zake na mlingoti wake. Linalosahauliwa mno ni daftari. Mtumishi wa kituo cha pili hana budi kusikiliza na kuandika yaleyale wakati wote, ijapokuwa hasemi neno. Kwani anayeshika uongozi bila ya kujua nani yuko njiani hamfai mtu.

Ajue pia lini ashike. Iwekwe kanuni mapema: kituo kikuu kisipojibu miito mitatu katika dakika tano, cha pili kiwatangazie wote kwamba sasa kinaongoza. Kituo kikuu kikizinduka kisirukie kusema. Kisikilize kwanza, kisomewe daftari, ndipo kikabidhiwe. Vituo viwili vikiongoza kwa pamoja, dereva atokaye Kahama huambiwa na mmoja asubiri Nyakanazi, na mwengine amwambie aendelee hadi Lusahunga. Hatari hiyo yashinda ya ukimya.

Mara moja kwa wiki, mchana, kituo kikuu kizimwe kwa makusudi nusu saa, na majina ya wasioitikia mwito wa kituo cha pili yaandikwe.