Stesheni ya Watu wa Meru Iliyo Nanyuki



Kusimulia habari za stesheni ya reli mbele ya watu wa Meru ni jambo la ajabu kidogo, kwa kuwa gari la moshi halijapata kufika katika mji huu hata siku moja. Lakini Meru ilikuwa na stesheni yake, nayo iko mbali na hapa kadiri ya maili 50, upande wa pili wa mlima, katika mji wa Nanyuki.

Reli kuu kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Tawi la kuja upande wetu lilifika Thika mwaka 1913, nalo likaitwa Thika Tramway, kana kwamba ni kijireli cha mjini tu. Baada ya Vita Kuu ya 1914-1918 vyuma vikasogezwa mbele polepole, vikapita Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru, hata mwaka 1930 vikaishia Nanyuki. Kiganjo iliitwa Stesheni ya Nyeri, ijapokuwa mji wa Nyeri wenyewe uko maili kadhaa kutoka hapo. Basi si Meru peke yake iliyopata stesheni ya mbali. Watu wa Embu nao walishuka Sagana.

Kwa nini reli iliishia Nanyuki, isije hapa? Mtu aweza kujibu kwamba upande huu wa mlima umekatwa na mito mingi iendayo Tana, kama Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita, na kila mto ungetaka daraja lake. Hayo ni kweli. Lakini mimi naona hesabu ya mazao ilikuwa nzito kuliko hesabu ya madaraja. Kule Laikipia na Timau walikuwako walowezi wa Kizungu, wenye ng'ombe na ngano ya kupeleka sokoni. Hapa Meru, mwaka ule wa 1930, Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kupanda kahawa. Ruhusa hiyo ilianza kutolewa mwaka 1933, kwa Meru, Embu na Kisii. Reli iliitangulia kahawa yetu kwa miaka mitatu tu! Kama kahawa ingalitangulia, labda leo tungalikuwa tukizungumza habari nyingine.

Basi mwenye mzigo alitafuta lori, akapanda kwa njia ya Timau, na wakati wa mvua alijua mwenyewe taabu ya tope. Wengi waliofika stesheni hawakuwa na mzigo wa kuuza. Walikuwa vijana waendao kutafuta kazi. Hao walivaa kipande shingoni, ndani ya kikebe chake, mpaka sheria hiyo ilipoondolewa mwaka 1947. Haukupita muda mrefu, ikatangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952, na mpaka ilipokwisha mwaka 1960 Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kwenda atakako pasipo hati. Nauli mkononi haikutosha.

Baadaye barabara za lami zikawanyang'anya reli wateja wake. Gari la abiria likakoma kwenda Nanyuki, magugu yakaota katikati ya mataruma, na mahali pengine vibanda vikajengwa karibu kabisa na reli. Njia ikatengenezwa upya, na mwishoni mwa mwaka 2020 abiria wakaonekana tena katika stesheni ile ya zamani.

Reli nyingine imetajwa pia. Mwaka 1912 tawi la Thika lilikuwa bado halijamalizika. Miaka 100 baadaye, mwezi Machi 2012, ulizinduliwa mpango mkubwa wa bandari ya Lamu, pamoja na reli ya kupita Isiolo, ambako ni maili 30 hivi kutoka hapa. Bandari ilianza kazi mwaka 2021. Vyuma vya reli havijawekwa. Na gari lile liliporudi Nanyuki, abiria wa Meru aliyetaka kulipanda ilimpasa kwanza apande matatu, apite Timau, kama babu yake alivyopita kwa lori.