Hotuba ya Mgeni Rasmi katika Ufunguzi wa Madarasa Mapya, Kabiria



Hotuba niliyoandikiwa yasifu madarasa haya, na sifa hizo nawapa kwa moyo mkunjufu, kwani mmejenga kwa juhudi isiyo kifani. Lakini naomba idhini niiweke kando hotuba hiyo, kwa kuwa asubuhi hii, nilipofika langoni, nilimwona binti akivua mtandio wake na kuukunja mkobani kabla hajamfikia mwalimu wa zamu, na nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba ndivyo walivyozoea.

Mazoea hayo, wazazi wangu, hayana asili katika sheria. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 8, yasema wazi kwamba dola haina dini, na ibara ya 32 yakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha itikadi yake. Hapo jirani Kibera, Januari 2019, binti wa kidato cha kwanza katika shule ya Olympic alirudishwa nyumbani kwa ajili ya rasta zake, naye babaye akaenda Mahakama Kuu, hata mwezi Septemba Jaji Chacha Mwita akahukumu kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine, na kwamba haki ya mtoto yule ilikuwa imevunjwa. Kesi ya Isiolo kuhusu uvaaji wa hijabu shuleni, kwa upande wake, iliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka huohuo, ikaangukia katika masuala ya utaratibu, na swali lenyewe likabaki mikononi mwetu.

Naona mmenyamaza, niliposifu madarasa mlipiga makofi! Basi nanyi wafadhili, ambao makanisa yenu yaliasisi shule nyingi za nchi hii, na fadhila hiyo haikanushiki, kumbukeni kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yawapa nafasi ya kulea roho za wanafunzi kwa sharti la kuhifadhi dini za wasio wa madhehebu yenu.

Kwa upande wangu, nitalifikisha jambo hili panapohusika, na inshallah litatazamwa kwa jicho jema.

Ila kanuni za sare ni zenu, Mwalimu Mkuu na Bodi: kaeni na wazazi wa kila dini, mziandike upya kabla muhula haujafungwa.