Mashine Huuona Uzi wa Kitovu, Lakini Haioni Kila Ugonjwa



Nimeombwa niseme machache juu ya afya ya mtoto aliye tumboni. Nimechagua uzi wa kitovu na mashine ya ultrasaundi.

Uzi huo una mishipa mitatu. Mmoja humpelekea mtoto damu yenye chakula na hewa safi. Miwili huirudisha damu kwenye kondo la nyuma. Vijidudu vikiingia katika maji ya uzazi, au vikipita katika damu ya mama, uzi huweza kuvimba. Hapo mtoto huweza kuzaliwa njiti, mgonjwa, au mfu.

Mwaka 1958 Profesa Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti. Leo mashine hiyo huonyesha mishipa yote mitatu, unene wa uzi na mwendo wa damu. Lakini uzi mnene peke yake si ushahidi wa maambukizi. Ushahidi hupatikana mtoto akishazaliwa, kipande cha uzi kinapotazamwa kwa hadubini. Mkulima wa Ufipa hutazama majani ya maharage akajua pana kasoro. Mdudu aliyeko mzizini humwona akishang'oa.

Je, tukae tukingoja? La hasha. Mojawapo ya magonjwa yanayovimbisha uzi huo ni kaswende, nayo hupimwa kwa damu kidogo tu. Uchunguzi wa Mwanza uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, kwa wajawazito wasiopimwa, kiasi cha nusu ya watoto waliozaliwa wafu walitokana na kaswende. Lakini mama aliyepimwa akachomwa sindano moja ya penisilini hakuwa na hatari kubwa kuliko mama asiye na ugonjwa.

Vijana, haya si mambo ya wanawake peke yao. Mume asiyetibiwa humwambukiza mkewe tena. Mtakapooa, fuataneni na wake zenu kliniki mapema, mkapimwe wote wawili. Na mama akipata homa, au chupa ikipasuka kabla ya wakati, au maji yakinuka, asingoje picha: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.