Biashara ya Haki Ianzie Sokoni Himo
(Nasaha zilizotolewa kwenye harambee ya chama chetu)



Tukisikia "biashara ya haki", mawazo huenda kwenye kahawa inayouzwa Ulaya. Si ajabu. Mwaka 1925 wazee wetu waliunda chama cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ili mkulima mdogo asisimame peke yake mbele ya mnunuzi. Miaka mingi baadaye, KNCU hiyo hiyo iliuza kahawa yetu kwa nembo ya Fairtrade.

Leo naomba tushuke hapa sokoni, kwenye gunia la mahindi.

Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ina sheria yake: gunia linashindiliwa, linaongezewa kichwa kwa kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Tupige hesabu. Gunia likifika kilo 120, mkulima anayeuza magunia matano ametoa kilo 100 bure. Gunia zima!

Marehemu mama yangu aliuza hivyo miaka yote. Alijua anapunjwa, ila ada ilikuwa inadaiwa na mnunuzi alikuwa mmoja. Angekataa, angerudi na mzigo nyumbani.

Tunawalaumu wanunuzi, lakini nasi tumo. Desemba tukipanda nyumbani tunasimama Himo na kumbana mama wa ndizi: "Punguza, halafu ongeza." Supamaketi ya mjini tunalipa bei iliyobandikwa, kimya.

Nina maombi matatu. Kwanza, mchango wa leo utuwezeshe kununua mizani ya kudumu sokoni, ikaguliwe na Wakala wa Vipimo, mkulima apime bila malipo. Pili, wakulima wetu wakusanye mazao pamoja na kuuza kwa kilo, kama wazee walivyofanya kwa kahawa. Mnunuzi humkimbia mkulima mmoja anayedai mizani. Wakidai wote, hana pa kukimbilia. Tatu, sisi wa Desemba tumlipe mama wa ndizi bei inayomrudishia jasho lake.

Wazee walianza na walichokuwa nacho mfukoni. Nasi tuanze hivyo, leo, kabla hatujaondoka ukumbini.