Makaratasi yaliungua, wazee wangali hai
Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanamemba, Baraka



Tuseme ukweli: kazi hii tuliianza vibaya. Kila aliyetuuliza juu ya uraia tulimtuma kwenye biro ya etasivili, jina la baba yake litafutwe katika kitabu. Kitabu gani? Vingine viliungua wakati wa vita, vingine havijulikani viko wapi. Watu wakaenda, wakarudi, pesa ya njia ikaisha.

Kumbe sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema Mkongomani ni mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, baba ao mama, ni Mkongomani. Mama peke yake anatosha! Hata kama ulizaliwa kule Nyarugusu, Tanzania. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996. Waliozaliwa siku zile leo wako na watoto wao.

Na kama cheti cha kuzaliwa hakiko, tribinali inaweza kutoa hukumu inayoshika nafasi yake. Pale ndipo mashahidi wanahitajika. Kitabu cha ubatizo cha parokia kinasaidia, karatasi ya HCR yenye majina ya jamaa yote vilevile. Lakini tulichoona kina nguvu ni mzee anayejua ukoo.

Dada mmoja alizaliwa kambini, baba akafariki. Jina la mama yake liliandikwa namna mbili. Tukamleta kwa moto bibi mkunga aliyemzalisha nyanya yake. Aliulizwa juu ya kijiji, akataja ukoo wote, hata mashamba nani alilima wapi. Dada alipata hukumu yake.

Kijana mwingine alibaki na shahidi mmoja tu, mjomba wake. Mjomba alikufa tukiwa bado tunatafuta pesa ya moto. Kuchelewa kulikuwa kwetu, si kwa tribinali. Kijana anangoja mpaka leo.

Kwa hiyo wafadhili, tafazali, semina zipunguzwe; tupeni pesa ya kusafirisha wazee na ya chakula chao. Nanyi wanamemba, musinunue vyeti barabarani, wala kubadilisha jina la mama ili lifanane na karatasi. Mtoto aliyezaliwa hapa nyumbani aandikishwe ndani ya siku 90.

Kabla ya kutoka, kila mmoja amwachie sekretere majina ya wazee wawili wanaojua ukoo wake, na kijiji wanamoishi.